Gari lenye kofia, kiatu na mabawa

TUSEME, msomaji, mtoto wa dada yako huko Lamu amefanya vizuri katika mtihani wake, nawe uko Nairobi au Mombasa. Unaingia dukani, unaona boksi lenye picha ya gari jekundu likitimua vumbi, unalipa, kisha unalipeleka kwenye stesheni ya mabasi. Boksi linasafiri hadi Mokowe, linapakiwa kwenye mashua, linashushwa gatini Lamu, halafu linafungwa mgongoni mwa punda hadi mlangoni kwa dada yako. Gari limefika nyumbani kwa punda!

Hicho ni kichekesho cha kwanza tu. Cha pili kinamngoja mtoto ndani ya boksi. Badala ya gari atakuta fremu za plastiki zenye vipande vidogo vidogo chungu nzima, matairi manne ya mpira, karatasi ya stika, na karatasi kubwa ya maelekezo iliyojaa michoro, mishale na maneno ya Kijapani au Kiingereza. Gari lenyewe bado halijazaliwa. Mtoto ndiye atakayeliunda, na mwongozo wake ni karatasi ile. Ole wake ikiwa karatasi imekosea!

Leo, msomaji, tuzungumze juu ya karatasi hizo na maboksi yake: makosa yake ya kuchekesha, yanakotoka, na kwa nini mzazi ajifunze kuyaona kabla hajafungua pochi. Na kwa kuwa tumeanzia Lamu, tutafika pia kwenye mfano mdogo wa chombo kimoja cha huko ambao kosa lake halichekeshi hata kidogo.

Yote yalianza na trekta

Vigari vya kuunganisha si vitu vya juzi. Kampuni ya Airfix ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria. Mwanzoni ilitengeneza vitu vya kuchezea vya mpira vilivyojazwa hewa, na ndiyo maana neno la Kiingereza la hewa limo ndani ya jina lake. Hewa ilikwisha kitambo, jina likabaki.

Mwaka 1949 kampuni hiyo ilipewa kazi ya kutengeneza trekta dogo la Ferguson, ili wauzaji wa matrekta walitumie kuwaonyesha wateja. Kuviunganisha vipande vyake kiwandani kukaonekana ni kazi ngumu na ya gharama. Basi wakaona heri vipande viuzwe hivyo hivyo, na mnunuzi aviunganishe mwenyewe. Kwa maneno mengine, kazi iliyomshinda mwenye kiwanda alipewa mteja, tena kwa kulipia! Huo ndio uliokuwa mwanzo wa biashara kubwa, na tangu hapo karatasi ya maelekezo ikawa na uzito kama vipande vyenyewe.

Kofia, kiatu na mkonga

Chanzo kikubwa cha vichekesho ni lugha. Maelekezo mengi huandikwa kwanza kwa Kijapani, Kichina au Kijerumani, ndipo yakageuzwa kuwa Kiingereza. Sasa fikiria mfasiri mwenye haraka anayeketi na kamusi yake ili ayageuze tena yawe Kiswahili, naye hajawahi kutia mguu gereji.

Mwingereza sehemu ya mbele inayofunika injini huiita kwa jina la kofia ya kike. Sehemu ya nyuma ya kuwekea mizigo ameipa jina lile lile la kiatu kirefu. Madigadi kwake ni mabawa. Honi ni pembe. Springi ni chemchemi ya maji. Hata tairi, katika matamshi yake, halitofautiani na neno la kuchoka. Mfasiri wetu akifuata kamusi neno kwa neno atakuletea gari lenye kofia kichwani, kiatu mkiani, mabawa mawili, pembe moja, chemchemi nne chini ya tumbo, na juu ya hayo limechoka!

Usifikiri Mmarekani atamwokoa. Yeye kofia ile huiita kwa jina la kishungi cha joho, na buti huliita kwa neno lile lile la mkonga wa ndovu. Kwa hiyo gari hilo hilo likitoka kiwanda cha Marekani litakuwa na mkonga, tena umewekwa nyuma.

Mafundi wetu wa gereji walilimaliza tatizo hili zamani bila kamusi. Walisema boneti, buti, madigadi, springi, honi na ekzosi, maneno yakazama katika Kiswahili, na hakuna anayemtafuta ndovu akiambiwa weka mzigo kwenye buti.

Rangi nazo zina mambo yake. Rangi nyeusi isiyong'aa huitwa kwa neno ambalo pia hutumiwa kwa tairi lililopata pancha. Rangi ya kijivu ya chuma inayopakwa injini huitwa chuma cha bunduki. Mama asiyejua akisoma orodha ya mwanawe kwamba anahitaji nyeusi ya pancha na chuma cha bunduki, hana budi kumwita baba mtu wakae kikao.

Lete mfuko wa saruji!

Lakini neno lililowasumbua wengi zaidi ni la gundi. Kwenye karatasi za Kiingereza, gundi ya plastiki huitwa kwa neno lile lile la saruji. Hatua baada ya hatua utaambiwa tia saruji hapa, usitie saruji pale, subiri saruji ikauke. Mtoto wa mjini anayeona nyumba zikijengwa kila siku ana haki ya kuuliza: "Baba, tununue mfuko mzima au nusu?"

Jina hilo lina maana yake. Gundi hii haishiki kama ile ya karatasi; inayeyusha kidogo uso wa plastiki mbili ili zishikane ziwe kitu kimoja. Ndiyo sababu ukiitia mahali pasipotakiwa hutaweza kuifuta. Na ndiyo sababu onyo la kutotia gundi lina uzito: mahali hapo pana ekseli inayotakiwa kuzunguka au mlango unaotakiwa kufunguka. Aliyesoma vibaya atapata gari zuri ajabu lisiloweza kusogea hata hatua moja.

Mpangilio wa hatua nao huweza kupotosha. Karatasi ikikuambia ufunge bodi kwanza, na hatua mbili mbele ikakuletea viti vya kuweka ndani, umekwisha. Namba zikichanganyika, utatafuta kipande namba 27 kwenye fremu zote usikione, kumbe mchoraji alikusudia 72. Na mchoro ukigeuzwa, kioo cha upande wa kushoto kitachorwa kulia, nawe utakisukuma na kukilazimisha mpaka kivunjike.

Waliosoma sana michezo hii wana dawa rahisi: kabla ya gundi, jaribu. Shikanisha vipande vikavu, vitazame, vigeuze, ndipo utie gundi. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka yenyewe ni gari lenye viti.

Picha ya boksi si ahadi

Tuje kwenye boksi lenyewe. Picha iliyo juu yake kazi yake ni kuuza. Gari la Safari Rally, kwa mfano, huchorwa likiruka dimbwi, tope limetapakaa hadi kwenye vioo, na nyuma yake vumbi jekundu la Afrika Mashariki. Ndani utakuta plastiki nyeupe, safi kama sahani. Tope hutalipata, vumbi hutalipata, rangi na gundi aghalabu utanunua kando. Hata gari maarufu kama Toyota Celica ambayo Juha Kankkunen aliiendesha na kushinda Safari ya mwaka 1985, na ambayo huuzwa Japani kama kigari cha kuunganisha, itatoka kwenye boksi ikiwa haijawahi kuona barabara ya murram.

Wakati mwingine ni boksi zima lililo kosa. Mwaka 1986 kampuni ya Testors ya Marekani iliuza ndege ya kuunganisha iliyoitwa F-19, ikisema ndiyo ile ndege ya siri ya jeshi la Marekani isiyoonekana kwenye rada. Watu waliigombania madukani. Mwaka 1988 serikali ya nchi hiyo ikaionyesha ndege halisi. Lo! Jina lilikuwa F-117, na umbo halikufanana hata kidogo: ya boksi ilikuwa mviringo na laini kama kijiwe cha pwani, ya kweli ilikuwa ya pembe pembe kama iliyokatwa kwa msumeno. Maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuunganisha kwa uangalifu ndege ambayo haijawahi kuwako duniani.

Kubwa kuliko basi

Kila boksi limeandikwa skeli, kama ile ya ramani za shuleni. Ikiwa ni 1:24, maana yake kila sentimita 1 ya kigari ni sentimita 24 za gari la kweli. Wanunuzi wengi hujikwaa hapa kwa kudhani kwamba namba kubwa ni gari kubwa. Ni kinyume. Chukua gari la urefu wa mita 4.2. Kwa skeli ya 1:18 litakuwa na sentimita 23 hivi. Kwa 1:24, sentimita 17.5, kwa 1:43, karibu sentimita 10, na kwa 1:64, sentimita 6 na nusu tu. Anayelipia 1:64 akitegemea zawadi ya kujaza meza atapata ya kujaza kiganja.

Wazazi wenye wanafunzi wa hesabu, jaribuni hili Jumapili ya leo. Gari la tani 1 likipunguzwa kwa skeli ya 1:24 kila upande, pamoja na unene wa bati lake, litakuwa na uzito gani? Wengi watagawanya kwa 24. Lakini urefu, upana na kimo vyote vimepungua mara 24, kwa hiyo gawanya mara tatu. Jibu ni gramu 72 hivi, uzito unaozidi kidogo yai la kuku.

Viwanda vyenyewe havikuheshimu skeli sikuzote. Vigari vya Matchbox vilivyoanza kuuzwa mwaka 1953 na kampuni ya Lesney ya London vina kisa chao. Husimuliwa kwamba shule ya binti wa mmoja wa wenye kampuni, Jack Odell, iliwaruhusu watoto kuja na kitu cha kuchezea endapo tu kinaingia ndani ya kibiriti. Baba akatengeneza kimashine cha kushindilia barabara chenye ukubwa huo, na biashara ikazaliwa. Lakini boksi likawa ndilo fundi mkuu. Kila kitu kilipaswa kutoshea humo, kwa hiyo basi la ghorofa la London na gari dogo la familia vilitoka karibu urefu mmoja. Ukivipanga barabarani, dereva wa teksi anaweza kumtazama dereva wa basi ana kwa ana.

Kisa cha Tamiya, kampuni ya mji wa Shizuoka huko Japani iliyoanza kwa biashara ya mbao, kinachekesha zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitengeneza kifaru cha kuunganisha chenye mota. Mkuu wake wa baadaye, Shunsaku Tamiya, ameeleza kwamba ukubwa wa kifaru kile uliamuliwa na betri: kilitakiwa kiwe na nafasi ya kutosha betri mbili. Kilipokwisha kupimwa ndipo wakakuta kwamba skeli yake ni takriban 1:35. Tangu hapo viwanda vingine vikaifuata, na leo 1:35 ndiyo skeli inayopendwa kwa vifaru dunia nzima. Asili yake ni betri!

Kampuni hiyo hiyo baadaye ilijirekebisha kwa gharama. Ilipotaka kutoa kigari cha Porsche katika miaka ya 1970, Tamiya alinunua Porsche 911 halisi na kuifungua kipande kwa kipande ili kila kitu kipimwe. Husimuliwa kwamba kuirudisha kukawashinda, ikabidi waitwe mafundi wa Porsche. Kwa hiyo, mwanangu, ukiona vipande vimekushinda usilie. Hata walioandika maelekezo yaliwahi kuwashinda.

Usukani uko wapi?

Kosa jingine linalomngoja mtoto wa Afrika Mashariki ni la kushoto na kulia. Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wetu uko kulia. Vigari vingi huundwa kwa kufuata nchi ambazo usukani uko kushoto. Mengine huleta dashibodi mbili uchague mwenyewe, na karatasi ikisahau kueleza, unaweza kupata gari lenye usukani kulia na pedeli kushoto. Dereva wake atahitaji miguu mirefu.

Neno usukani lenyewe linaturudisha Lamu, kwani halikuanzia garini. Ni neno la chombo cha bahari: kile kibao cha nyuma kinachogeuza jahazi. Magari yalipokuja, Waswahili hawakuhangaika. Walichukua neno la nahodha wakampa dereva. Na baharini kushoto na kulia havitoshi. Mabaharia husema upande wa joshini, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakoelekea. Chombo kikibisha na kugeuza tanga, pande hizo zinabadilishana. Mwandishi wa maelekezo ya kiwandani angeitwa aandike karatasi ya kuunda jahazi, angejiuzulu siku ya kwanza.

Fundi asiye na karatasi

Huko Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachojulikana kwa uundaji wa vyombo, mafundi wameunda majahazi vizazi kwa vizazi bila ramani ya karatasi. Kipimo kiko katika jicho, mkono na kumbukumbu. Mwanafunzi hapewi michoro. Hupewa tezo na kuambiwa tazama. Anajifunza mkuku ambao ndio uti wa mgongo wa chombo, mataruma ambayo ni mbavu zake, foromali inayobeba tanga, na omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Hakuna kipande namba 27. Mti ukiwa umepinda, fundi hutafuta mahali panapotaka mpindo huo.

Watoto wa pwani nao wana kiwanda chao. Kipande cha mti mwepesi au kumbi la nazi huwa chombo, kijiti huwa mlingoti, na tanga lilikuwa likikatwa kutoka mfuko wa plastiki kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku nchini Kenya Agosti 2017. Bara kuna magari ya waya na makopo yenye magurudumu ya soli za malapa. Havina boksi, havina skeli, na havikosi kutembea. Mtoto akikosea anaona mwenyewe: chombo kinapinduka, naye anakirekebisha hapo hapo majini.

Malapa hayo yaliwahi hata kupanda cheo. Mwaka 2018, huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa takataka za plastiki karibu tani 10 na kuvikwa malapa yapatayo 30,000 yaliyookotwa fukweni. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Kitu ambacho watoto walikifanya gurudumu, mafundi walikifanya chombo kizima.

Kosa lisilochekesha

Sasa, msomaji, sikiliza kuhusu mtepe. Huu ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu, hasa cha Wabajuni. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne, tofauti na matanga ya majahazi ya leo. Omo yake iliinuka kama shingo ya ngamia, ikachorwa na macho. Mitepe ilibeba boriti na bidhaa nyingine pwani yote hii. Kisha ikapungua, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ikatoweka baharini.

Ilibaki nini? Picha chache, maandishi kama yale ya James Hornell ya mwaka 1941 na ya Mholanzi A. H. J. Prins, ambaye kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu kilitoka mwaka 1965, kumbukumbu za wazee, na mitepe midogo ya mfano iliyowekwa katika majumba ya makumbusho. Yaani kitu ambacho kwetu ni pambo la kabatini, kwa mtafiti wa mtepe ni shahidi.

Na shahidi anaweza kukosea. Fikiria kamba ya kushonea yenye unene wa sentimita 1. Kwa mfano wa skeli ya 1:20, kamba hiyo yapaswa kuwa na unene wa nusu milimita, nyembamba kama uzi wa kushonea nguo. Fundi wa mfano akitumia uzi mnene alio nao mkononi, mshono utaonekana mkubwa kupita kiasi. Akiipenda ile shingo ya ngamia, ataiinua zaidi ya ilivyokuwa. Akiona mlingoti mrefu unapendeza, ataurefusha. Hakusema uongo, alitaka kipendeze. Lakini gari la boksi likikosewa tutakwenda barabarani tukapime la kweli. Mtepe ukikosewa, wa kweli utaupima wapi?

Ndiyo maana watafiti hawautegemei mfano mmoja. Huulinganisha na mwingine, kisha na picha, kisha na maandishi, ndipo wakubali urefu wa mlingoti au mkao wa omo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe mkubwa uliundwa upya na kuwekwa katika Beit al-Ajaib, Zanzibar, na ilibidi ushahidi wa namna hiyo uokotwe kidogo kidogo kutoka kila upande. Nalo jumba hilo, lililojengwa wakati wa Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Vitu vya ukumbusho navyo vinahitaji ukumbusho.

Kabla hujalipa

Turudi madukani. Mzazi, ukitaka kununua kigari cha kuunganisha, fanya haya:

1. Tafuta skeli na upige hesabu kwa rula hapo hapo dukani. Usiamini ukubwa wa boksi, kwani boksi nusu yake huenda ni hewa.

2. Soma ubavuni, si juu. Juu ni picha. Ubavuni ndiko huandikwa kama rangi, gundi na betri vimo au havimo.

3. Tazama alama ya duara jekundu lenye mstari uliokatiza uso wa mtoto aliyenuna, na namba 0-3. Wapo wanaodhani inasema ni zawadi ya watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 3, au kwamba mtoto hatanuna tena! Maana yake ni kinyume: mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe, kwa sababu vipande vidogo vinaweza kumkaba koo. Kosa hili la kusoma linaweza kugharimu uhai.

4. Kama kuna betri ndogo za duara kama kifungo, hakikisha kifuniko chake kina skrubu. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kumchoma koo kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje uone, mkimbize hospitali mara moja.

5. Gundi na rangi zitumiwe dirisha likiwa wazi, mtu mzima akiwa karibu, na kisu cha kukatia vipande kikae mkononi mwa mkubwa.

6. Fungua boksi na uhesabu vipande kabla ya kukata chochote. Kikikosekana, unaweza kurudi dukani. Ukishakata na kugandisha, hakuna atakayekusikiliza.

Na liko jambo la saba ambalo halihitaji pesa. Maelekezo ya vigari hivi huja kwa lugha za watu, nasi tunacheka tafsiri zake. Lakini ni nani ameandika karatasi ya maelekezo ya Kiswahili ya kuunda jahazi dogo la mtoto? Mwanafunzi mwenye babu au mjomba anayejua vyombo achukue daftari, achore chombo, aandike kila sehemu kwa jina lake: mkuku, taruma, foromali, mlingoti, usukani. Aulize kamba ipi inakwenda joshini na ipi demani, na aandike vipimo hata kama ni vya shibiri na dhiraa. Akikosea, mzee yuko hapo wa kumsahihisha. Waliochelewa kuuliza habari za mtepe hawakuipata bahati hiyo, na kuuliza si ujinga.